Kadi Isiyo na Mwenyewe

Kabati lilikuwa na droo ishirini na nne na lilikula nusu ya sebule. Mgeni akiingia ilimbidi apite ubavu ubavu, tumbo ndani, kama mtu anayepita uchochoroni penye mbwa. Mke wa mwenye kabati alishaacha kulalamika siku nyingi. Kila Jumamosi alilifuta vumbi, akaliita "mke mwenzangu", na wageni wakicheka aliwaambia, "Msicheke. Mimi napata salamu, mwenzangu anapata mazungumzo."

Kabati lilitoka chuoni. Mumewe alikuwa na mwaka wa ishirini na tisa akiwa msaidizi katika maktaba ya chuo. Alipokea vitabu vilivyorudishwa, akavipanga kwenye rafu, akavigundisha migongo iliyobanduka. Kompyuta zilipoletwa, makabati ya kadi yalitolewa nje yakaegemezwa ukutani kusubiri gari la taka. Humo kila kitabu kilikuwa na kadi yake, yenye jina la kitabu na rafu kinapokaa. Yeye akaomba kabati moja. Akapewa, pamoja na kadi zake elfu kadhaa. Upande wa mbele wa kadi ulikuwa umejaa maandishi ya taipu, ila wa nyuma ulikuwa mweupe, haujaguswa. Huko nyuma ndiko alikonakili maneno ya wanafalsafa.

Aliyanakili kwa utaratibu usiobadilika. Juu kushoto aliandika mada: MAUTI, SUBIRA, UHURU, NDOA. Katikati, neno lenyewe. Chini kulia, jina la aliyelisema, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Kadi isiyo na jina pale chini kulia haikuingia kwenye droo hata kama neno lake lilikuwa tamu kama asali. Maneno yasiyo na mwenyewe, alisema, ni kama mtoto wa kuokota: huwezi kumwandikisha shule.

Mtaani walimwita Nukuu, na wengi walishasahau jina alilopewa na mama yake. Palipokuwa na msiba au harusi, Nukuu aliitwa aseme mawili matatu, akaja na kadi sita kwenye mfuko wa shati. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Kinyozi wa pale kona ndiye peke yake aliyekuwa akimtania usoni: "Huyu akiumwa jino, halii. Kwanza aulize wenye hekima walilia kwa sauti gani."

Tabia hiyo aliitoa shuleni, na tusimlaumu yeye peke yake. Alipokuwa darasa la tatu mwalimu aliuliza kwa nini mto haunyooki, kwa nini unapinda pinda. Alikuwa ameutazama mto sana, akanyoosha mkono akasema maji ni mavivu, yanapita pale udongo unapokubali. "Nani kasema?" mwalimu akauliza. "Mimi, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Alipigishwa magoti mbele ya ubao mpaka kengele ikalia. Wiki iliyofuata aliulizwa swali jingine, akajibu kwa maneno ya kitabu, mstari kwa mstari, akapigiwa makofi. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kufundishwa mara mbili. Ndivyo tunavyotengenezwa, maelfu kwa maelfu. Tunaingia darasani na macho yetu, tunatoka na miwani ya watu, halafu tunapewa cheti.

Mwaka ule ule wazazi wao walifariki, mmoja akimfuata mwenzake baada ya miezi minne. Akabaki yeye na dada yake wa miaka kumi na tisa. Dada alikaa kwenye cherehani ya mama, ile ya kukanyaga kwa miguu, na hakuinuka pale, tunaweza kusema, kwa miaka arobaini na nne. Alishona sare, magauni, mapazia na mashuka ya hospitali. Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita. Mdogo wake alipofaulu kuingia sekondari alimwonyesha kwa kila mteja kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. "Mimi nina miguu," alikuwa akisema, "na huyu ana kichwa. Mkitushona pamoja mnapata mtu mmoja mzima."

Ndipo ikaja sindano.

Dada alizoea kushona pekupeku, maana kiatu, alisema, kinaufanya mguu uwe kiziwi. Hakujua kwamba mguu ulikuwa umekwisha kuwa kiziwi bila kiatu. Kisukari kilikuwa naye mwaka wa saba sasa, kikimla hisia za nyayo polepole. Sindano ilivunjika, kipande kikaanguka chini, akakikanyaga. Hakusikia kitu. Alijua alipoona damu kwenye pindo la gauni la bibi harusi. Alikichomoa kwa koleo, akajiosha kwa maji ya chumvi, akamlaani fundi aliyetengeneza sindano hiyo na mama yake, kisha akaendelea na pindo. Baada ya siku kumi na mbili alikuwa kitandani hospitalini, wodi ya wanawake, kitanda cha tatu toka dirishani.

Jumanne asubuhi daktari alifungua bandeji mbele yao wawili. Alikuwa mwanamke kijana, macho yamechoka, mikono haijachoka. Vidole viwili vya mguu wa kulia vilikuwa vyeusi kama mkaa, na kuanzia hapo wekundu ulikuwa umepanda nusu ya unyayo. Kisha ikaja harufu.

Nukuu alirudi hatua moja nyuma. Na hapo hapo neno likampita kichwani, fupi, wazi, kama mtu aliyesema sikioni mwake: *Wavikate. Leo hii.* Lilikuwa lake. Halikutoka kwenye kadi yoyote. Lakini kabla hajafungua mdomo likaja la pili, lile la siku zote, lenye sauti ya mwalimu: *Nani kasema?* Akatafuta wa kumwandika pale chini kulia, hakumpata. Neno likazama.

"Mama," daktari akasema, "vidole hivi viwili vimekufa. Nikiviondoa leo, au kesho asubuhi na mapema, nina matumaini ya kuuokoa mguu. Tukichelewa uozo utapanda."

"Utapanda mpaka wapi?"

"Hauna adabu, mama. Unapanda tu."

Mama wa kitanda cha jirani, ambaye hakuna aliyemwuliza, alijiinua kwenye mto. "Usikubali haraka! Shemeji yangu aliambiwa hivyo hivyo. Akatafuta dawa ya kupaka, siku hizi anacheza mpira."

"Shemeji yako ana miaka mingapi?" dada akauliza.

"Ishirini na miwili."

"Mimi nina sitini na tatu, na mpira sikuucheza hata nilipokuwa mzima." Wakacheka wote, hata daktari kidogo. Kisha dada akamgeukia mdogo wake, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mdogo wangu. Kwa miguu hii ndiyo ninakula, unajua. Wakianza na vidole sijui watamalizia wapi. Na nikikataa, pia sijui. Naogopa. Wewe umesoma. Niambie nifanye nini. Ukisema wakate, naweka sahihi sasa hivi. Ukisema tujaribu dawa kwanza, tunajaribu."

"Dada, jambo zito kama hili halitaki pupa. Kuna mwanafalsafa mmoja alisema..."

"Simtaki huyo mmoja. Nakuuliza wewe."

Akatazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, imepigwa deki, bado na alama za maji. "Nipe mpaka kesho," akasema.

"Kesho saa tatu," daktari akasema, "nisiwakose."

Mchana ule mkewe aliporudi kutoka sokoni alimkuta amepiga magoti sebuleni, kadi zimetandazwa sakafuni kwa safu mbili ndefu kutoka mlangoni hadi kwenye kabati. Alikuwa amefungua droo ya UAMUZI, ya SUBIRA, ya MWILI na ya UJASIRI. Safu ya kushoto ilikuwa ya waliosema tenda. Ya kulia, ya waliosema ngoja.

"Nani anashinda?" mke akauliza, kapu bado mkononi.

"Usinivuruge. Thelathini na moja kwa thelathini na moja."

"Zitapigiana penalti?"

Mke akaweka kapu chini, akainama, akaokota kadi moja ya safu ya kulia, akaisoma kwa sauti: "'Mwenye kuharakisha kisu hukata asichokikusudia.' Huyu alikuwa na dada?"

"Sijui."

"Dada mwenye kisukari? Aliyemlea?"

"Alikuwa mtawa. Mambo hayaendi hivyo, mama watoto. Fikra ni fikra."

"Haya. Basi mimi, niliyemwona wifi yangu jana kwa macho yangu, nikamwosha huo mguu kwa mikono yangu, nakwambia wavikate. Nitandaze na mimi kwenye safu ya kushoto. Thelathini na mbili."

"Wewe si..." akaanza, akanyamaza.

"Mimi si nani? Malizia."

Mke aliirudisha kadi mahali pake, sawasawa na zilizo jirani yake, akabeba kapu lake jikoni. Kisu kikaanza kugonga ubao wa kukatia mboga.

Jumatano saa tatu alifika wodini na kadi mfukoni, si sita tena bali kumi na moja. Akazisoma, moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya misibani. Dada alisikiliza akiwa amefumba macho. Mama wa kitanda cha jirani alisema, "Maashallah, ndugu yako ana maneno!"

"Mazuri," dada akasema alipomaliza. "Wamesema vizuri sana. Sasa jibu ni lipi?"

"Dada, ukiyapima... yana uzito pande zote mbili."

Daktari alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, karatasi ya idhini mkononi. "Mama, mwili ni wako. Unaweza kuamua bila ya mtu yeyote."

"Najua, binti yangu. Lakini nilikanyaga cherehani miaka kumi na tatu huyu asome, ili siku kama ya leo nisiwe peke yangu." Alimtazama mdogo wake kwa macho makavu. "Sema neno moja tu. Hata likiwa baya. Nikifa nalo, nitakufa na neno la ndugu yangu."

Mdomo wake ulifunguka. Wale waliokuwapo wanasema ulifunguka kabisa, na meno yakaonekana. Neno la jana lilikuwa bado mle ndani, linagonga. Ila alijiona yuko mbele ya ubao, magotini, na darasa zima nyuma yake.

"Kuna kitabu," akasema. "Chenye jalada la bluu. Nilikipanga mwenyewe miaka mingi iliyopita, kinazungumzia hasa jambo hili. Niongezee siku moja, dada. Moja tu."

Daktari akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Alizungumza na dada peke yake kwa robo saa nzima. Alimbembeleza, akamchorea mguu kwenye kipande cha karatasi na mshale unaopanda. Dada akaitikia kila alichoambiwa. Mwishoni akasema, "Nimekuelewa vizuri. Nitamsubiri mdogo wangu."

Alhamisi maktaba ilipofunguliwa, Nukuu alikuwa tayari mlangoni. Alipita rafu za falsafa, za dini, za tiba. Alivuta kila kitabu cha bluu. Kimoja kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Mkutubi, kijana aliyeajiriwa mwaka jana, alimfuata kwa huruma.

"Mzee wangu, si uandike kwenye kompyuta unachotafuta?"

Akakaa mbele ya kompyuta. Vidole vikabaki hewani. Ni nini hasa alichokuwa akikitafuta? Akaandika kwa kidole kimoja: *kukata au kungoja*. Mashine ikafikiri kidogo, ikamjibu: *Hakuna kilichopatikana.*

Saa nne na nusu simu ililia. Mkewe hakusalimu. "Njoo," alisema tu.

Dada alikuwa anawaka homa. Alikuwa akizungumza na mama yao, akimwomba uzi mweupe, akisema huu si mweupe, huu ni wa maziwa. Shuka lilikuwa limeinuliwa. Nukuu aliutazama mguu mara moja tu. Wekundu ulikuwa umepita kifundo, umepita muundi, na juu yake ngozi iling'aa kama kitambaa cha hariri.

"Sasa ni juu ya goti," daktari akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Na ni sasa hivi. Yeye hawezi kusaini tena. Wewe ndiye ndugu yake wa damu?"

"Ndimi."

"Hapa. Na hapa. Jina lako, hapo chini kulia."

Akaandika jina lake. Lile ambalo mtaa umelisahau. Kalamu ilikwenda moja kwa moja, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuamua. Hakuna aliyemwuliza anaonaje.

Wiki saba baadaye dada alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kiti chake mbele ya cherehani, gauni limekunjwa na kubanwa kwa pini pale mguu ulipokuwa. Alinusurika, na kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia ashukuru, naye akashukuru. Chini ya cherehani kile kibao cha kukanyagia kilikuwa kimetulia. Mguu wa kushoto peke yake, nao pia umekufa ganzi, haukuweza kukiendesha; alijaribu siku mbili, uzi ukakatika kila baada ya shubiri.

Nukuu alikuja kila siku baada ya kazi. Kabati hakuligusa tangu ile Alhamisi. Zile kadi sitini na mbili mkewe alizikusanya akazifunga kwa mpira, akaziweka juu ya kabati; Nukuu hakuzirudisha kwenye droo wala kuzitupa. Alizipita ubavu ubavu, kama mgeni.

Siku moja alasiri dada alikuwa akitenganisha vifungo kwenye kopo. Alisema bila kuinua kichwa, "Nataka kukuuliza kitu, na usinijibu kwa kadi."

"Sina kadi."

"Siku ile ya kwanza, daktari alipofungua bandeji. Wewe, moyoni mwako, uliona nini?"

Angeweza kusema hakuona kitu. Alilifikiria hilo. Kisha akasema, "Niliona wavikate."

Mikono ya dada ikasimama juu ya vifungo.

"Uliona hivyo wakati gani?"

"Pale pale. Harufu iliponifikia."

"Kabla ya safu zako?"

"Kabla ya yote."

"Na siku ya pili nilipokuomba neno moja?"

"Lilikuwapo bado."

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mnyororo mbovu, *kra, kra, kra*, na walimsikiliza wote wawili mpaka akaishia.

"Kwa nini, baba?" dada akauliza. Alimwita baba kama alivyokuwa akimwita zamani, alipokuwa na miaka tisa na anaota ndoto mbaya. Hakuwa na ukali. Afadhali angekuwa nao.

"Halikuwa na mwenyewe, dada. Nilitafuta nani kalisema, sikumpata."

"Si wewe?"

Alitafuta moyoni kama alivyotafuta maktabani, rafu kwa rafu, na yaliyokuja mbio yalikuwa maneno ya watu kuhusu majuto, manne au matano, mazuri, kila moja na miaka yake ya kuzaliwa na kufa. Akayameza yote. Alikaa hivyo, mzee wa miaka hamsini na mitatu, mikono katikati ya magoti.

Dada alimtazama kwa muda. Kisha akavuta kitambaa, kipande cha pazia la mtu, akakiingiza chini ya sindano, akashusha kile kiguu cha chuma kinachobana kitambaa.

"Sogeza kiti chako hapa," akasema. "Weka miguu yako kwenye kibao. Mimi nitaongoza kitambaa, wewe ukanyage."

Akasogea. Akavua viatu bila kuambiwa, kisha akavitazama kama mtu asiyejua kama amekosea.

"Haya, nenda."

Akakanyaga. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota. Dada akaufumua, akapitisha uzi upya kwenye tundu la sindano kwa mate. "Taratibu. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Ndiyo hivyo." Mshono ukaanza kwenda, umepinda kidogo, ila unakwenda. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nyumba ile ikasikia mlio wake wa zamani. Katikati ya pindo akasimama ghafla.

"Nani kakwambia usimame?"

"Nilidhani..."

"Haya, nenda."

Akaenda. Pindo likawa linaisha. Ukingo wa kitambaa ulikuwa ukiisogelea sindano, wazi kabisa mbele ya macho yake, vidole vinne, vitatu, viwili. Aliuona. Aliuona vizuri kuliko dada, ambaye macho yake yalishaanza kupoteza vitu vidogo. Miguu yake ikaendelea kukanyaga, kisigino, vidole, huku akimtazama dada mdomoni, akisubiri aambiwe.